Gari halitembei, oili nibadilishe kila baada ya muda gani?

Saluni_ya_Baba

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo yenu, hasa mafundi.

Nina gari dogo la petroli, injini ya sisi 1500, aliloniachia baba. Kazini naenda kwa miguu, kwa hiyo gari linatoka nikimpeleka mama kliniki au nikiwa na mzigo. Huko kote si mbali. Mara nyingi nafika mshale wa joto ndiyo kwanza unatulia katikati, nazima, nikimaliza shughuli nalirudisha bandani. Tangu oili imwagwe mara ya mwisho umepita mwaka na ushee, na kilomita zilizoongezeka hazijafika 2,000. Stika ya fundi iliyobandikwa pembeni ya kioo inanitaka nirudi baada ya kilomita 5,000. Kwa mwendo huu nitarudi baada ya miaka mitatu.

Kaka yangu anasema kumwaga oili ambayo haijafanya kazi ni kutupa hela. Fundi wa jirani anasema imwagwe leo leo. Kila mmoja anaongea kwa uhakika, ila hakuna aliyenieleza kwa nini.

Nimechomoa stiki, oili iko ndani ya alama, rangi yake ya kahawia, haijawa nyeusi. Kilichonitia wasiwasi ni kifuniko cha kujazia oili. Nilipokifungua nikakuta upande wake wa ndani umeshika utando mzito, mweupe wa kuelekea njano, unateleza ukiugusa. Kwenye stiki utando huo haupo.

Jambo la mwisho: kila Jumamosi mume wangu huliwasha gari likiwa limesimama, analiacha lingurume kama dakika kumi, halafu anazima. Anasema linapashwa ili lisife. Je, hilo linasaidia? Hili gari nalipenda, nataka lidumu.

Masafa_Marefu

Dada, msikilize kaka yako. Oili haiozi. Ilikaa ardhini miaka mamilioni kabla ya kuchimbwa, mwaka mmoja ndani ya injini iliyozimwa utaifanya nini? Kinachochosha oili ni kazi: moto, mzunguko, msuguano. Gari lisipotembea hakuna kazi.

Mimi nina pikapu ya dizeli. Kuna vipindi inakaa hata miezi mitatu bila kuguswa, ikiitwa kazini inapiga kilomita 400 kwa mkupuo. Namwaga oili kwa kilomita tu, na injini haijawahi kufunguliwa. Hela yako iweke kwenye tairi na betri, ndivyo vinavyokufa gari likikaa.

SpanaKumi

Dada, umefanya jambo la maana kufungua hicho kifuniko. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Mwaga oili sasa, pamoja na filta yake, na kuanzia hapo hesabu miezi badala ya kilomita. Kwa matumizi uliyoyaeleza mimi ningemwaga kila miezi 6. Ukibadili namna ya kuliendesha, mwaka unatosha. Zaidi ya mwaka usivuke.

Ndugu Masafa_Marefu ana ukweli wake, ila gari lake na lako hayaishi maisha mamoja. Oili ya ardhini haijawahi kukaa chini ya pistoni. Hata iliyo ndani ya galoni lililofungwa haina tabu, watengenezaji wengi wanaipa mpaka miaka 5 ikihifadhiwa vizuri. Hesabu inabadilika siku inapoingia kwenye injini na injini ikawashwa.

Kila lita ya petroli inayoungua inazaa maji yanayokaribia lita nzima. Wengi hawaamini mpaka waone eksozi ikidondosha maji asubuhi. Sehemu kubwa inatoka na moshi, lakini kiasi fulani hupenya kando ya ringi za pistoni na kuteremka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kikiwa mvuke, na petroli ambayo haikuungua inateremka nacho. Injini ikiwa baridi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu petroli inanyunyiziwa nyingi na ringi na silinda bado havijatanuka vikakaa sawa. Mvuke ukikuta chuma baridi unageuka maji, na yale maji yanapigwapigwa na oili. Huo utando wako ndiyo huo: maji na oili vimechanganyika. Unakaa kwenye kifuniko kwa sababu pale ni juu kabisa ya injini na panachelewa kupata joto.

Injini iliyopata moto sawasawa inajisafisha. Oili ikifika nyuzi 90 na kuendelea, ikakaa hapo kwa muda, maji yanapaa, petroli nayo inapaa, na ule mpira wa kupumulia injini unavuta vyote virudi kuchomwa. Zile kilomita 400 za pikapu zinafanya kazi hiyo barabara. Safari yako ya kliniki haifiki huko. Na usidanganywe na mshale wa dashibodi: unapima maji ya kupozea injini, haupimi oili. Maji yanawahi, oili inafuata nyuma kwa dakika nyingi. Mshale ukitulia katikati na wewe ukazima, oili yako bado ni vuguvugu na kila kilichoingia kimebaki mle ndani.

Sasa huko kuunguruma kwa Jumamosi. Tafadhali mweleze shemeji aache. Najua anafanya kwa mapenzi, na watu wengi makini wanafanya hivyo, lakini injini isiyobeba mzigo inapata joto polepole mno. Dakika kumi zinatosha kuzalisha maji na petroli ya ziada, hazitoshi kuviondoa. Eksozi nayo inabaki na maji tumboni, inaanza kutu kwa ndani. Betri imetoa nguvu nyingi kupiga stata, na alteneta kwa mzunguko ule wa chini hairudishi kitu cha maana. Kama banda lina kuta na mlango, kuna na sumu ya moshi, usiliwashe kabisa mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo kila Jumamosi mnaongeza kile mnachotaka kukiondoa.

Badala yake, kila baada ya wiki mbili litoe barabarani, barabara ya wazi, nusu saa nzima au zaidi. Likimbie kwa mwendo wa kawaida, injini ibebe mzigo. Kama huna nafasi ya wiki mbili, mara moja kwa mwezi. Kama hata hiyo huna, ni heri likae limezimwa kabisa kuliko kuwashwa na kuzimwa.

Nimewahi kufungua injini ya gari la mtu aliyelitumia namna yako, miaka mingi, kilomita chache mno. Kila aliyeona odometa alilisifia. Lilikuja kwangu kwa sababu taa ya oili ilikuwa inawaka injini ikipata moto kwenye mzunguko wa chini. Nilipotoa tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, kona zote zilikuwa na tope jeusi lililoganda, unalikwangua kwa bisibisi linatoka vipande. Nikashusha sampu. Wavu wa kunyonyea oili ulikuwa umezibwa zaidi ya nusu. Beringi za kranki, ambazo zilipaswa kuwa na uso laini wa kung'aa, zilikuwa zimeliwa vishimo vidogovidogo, unavisikia kwa ukucha. Kwa hesabu ya kilomita, oili ile ilikuwa bado ina safari ndefu kabla ya kumwagwa. Ndiyo maana nikiona stika yenye kilomita tu bila tarehe huwa sipendi.

Mwalimu_wa_Maabara

Fundi ameeleza vizuri, naongeza upande wa kemia kwa sababu ndio unaojibu swali la kaka yako.

Ndani ya galoni hamna oili peke yake. Kuna dawa zilizochanganywa humo: za kusafisha, za kushikilia uchafu uelee usigande, za kuzuia chuma kusagana, za kuchelewesha oili kuoana na hewa. Dawa za kusafisha zina asili ya alkali, na kazi yake mojawapo ni kuua asidi. Petroli inapoungua, nitrojeni ya hewani na salfa kidogo iliyomo kwenye mafuta vinatoa gesi ambazo zikikutana na maji zinakuwa asidi. Vile vishimo alivyovisikia fundi kwa ukucha vina mkono wa asidi hiyo, kwa sababu beringi nyingi zina risasi au shaba, na risasi hasa haivumilii asidi.

Kiasi cha alkali kilichomo kinapimika. Oili mpya ya injini za petroli kwa kawaida inaanza na kipimo hicho, kiitwacho TBN, cha kati ya 6 na 10, kisha inashuka kidogo kidogo. Gari likiwa limezimwa kwa wiki tatu, maji na asidi vilivyomo havilali, vinaendelea kuila ile dawa na kuugusa uso wa chuma. Kwa hiyo si kweli kwamba injini iliyosimama haina kazi inayoendelea ndani yake.

Rangi isikupe amani wala hofu. Oili ya dizeli inaweza kuwa nyeusi siku ile ile uliyoiweka mpya kwa sababu ya masizi, na bado ikawa nzima kabisa. Oili ya petroli inaweza kubaki ya kahawia nzuri huku imejaa petroli na alkali yake imekwisha. Macho hayaoni asidi.

Nikitofautiana na fundi ni hapo kwenye miezi 6 tu. Oili sintetiki inavumilia zaidi, na vitabu vingi vya magari vinataja miezi 12. Mtu anayelitoa gari lake mara kwa mara likapata moto wa kutosha hana haja ya kumwaga kila nusu mwaka. Anayetaka uhakika apeleke sampuli kwenye maabara za oili. Watapima maji, petroli, uzito wa oili, alkali iliyobaki na vumbi la chuma, shaba na risasi. Kwa gari moja la nyumbani, hata hivyo, kipimo kinaweza kukugharimu kama oili yenyewe, kwa hiyo wengi wanaona bora wamwage tu.

SpanaKumi

Mwalimu, hatugombani. Dada, fungua kitabu cha gari, utafute ratiba ya sevisi. Mara nyingi utakuta vitu viwili, kilomita na miezi, halafu maneno "kinachotangulia". Mfano unaoonekana sana ni kilomita 10,000 au miezi 12. Lakini usiishie hapo. Kurasa za mbele kuna ratiba ya pili, ya matumizi magumu, na huko hesabu hukatwa nusu: 5,000 au miezi 6. Watu wanadhani matumizi magumu ni kubeba mawe na kupanda milima. Soma orodha yake. Pamoja na vumbi na kuvuta tela utakuta safari fupi za kujirudia, vitabu vingi vinataja chini ya kilomita 8, na kuunguruma kwa muda mrefu bila kutembea. Yaani gari lako la upole, linalolala bandani, limo kwenye kundi la magari yanayoteswa. Miezi 6 yangu imetoka hapo.

Masafa_Marefu

Nimesoma yote. Kwa safari fupi nakubali, sikuwa nimelitazama kwa upande wa joto. Ila kwa pikapu yangu nauliza tena: inalala miezi mitatu, ikiamka inafanya kazi ndefu, kilomita za mwaka hazifiki za kitabu. Bado mnasema niimwage kwa mwaka?

SpanaKumi

Ndiyo mkuu, mara moja kwa mwaka. Wewe maji si tatizo lako, lakini hizo safari ndefu zinazalisha masizi, na masizi yanabaki ndani ya oili hata yakishikiliwa vizuri. Halafu kuna filta. Ndani ya filta nyingi pana kivalvu cha mpira kinachozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Mpira ule unakakamaa kwa umri, kilomita ziwe nyingi ziwe chache. Ukiwasha gari lililolala, ukasikia injini inagonga sekunde mbili tatu ndipo inatulia, mara nyingi oili ilikuwa imeteremka yote na vyuma vya juu vimezunguka vikavu. Hilo ndilo linalokula injini zinazolala.

Kama pikapu yako ni ya kisasa, yenye filta ya masizi kwenye eksozi, kuna jambo la kuangalia zaidi. Filta hiyo inajichoma yenyewe gari likiwa barabarani, na injini nyingi zinafanya hivyo kwa kuongeza dizeli kwenye silinda. Safari ikikatizwa katikati, ile dizeli inaishia kwenye oili. Pima stiki: ukiona kiwango kimepanda badala ya kushuka, usifurahi. Oili haizaliani. Kilichoongezeka ni dizeli, na inafanya oili kuwa nyepesi. Imwage bila kuangalia tarehe.

Mwalimu_wa_Maabara

Hapo hapo niwakumbushe wenye magari ya haibridi, yenye injini pamoja na mota ya umeme. Injini inawaka na kuzima yenyewe mara nyingi, mjini betri ndiyo inayosukuma, kwa hiyo oili inaweza kukaa ya baridi hata kwenye safari ambayo dereva anaiona ndefu. Odometa inahesabu kilomita za umeme pia. Kwa hao hesabu ya miezi ni ya lazima zaidi.

Saluni_ya_Baba

Shukrani sana ndugu zangu, sikutegemea maelezo ya kina hivi. Nimeongea na mume wangu, ameelewa, Jumamosi sasa tunatoka nalo.

Lakini huo utando bado unaninyima usingizi. Jirani ameuona akasema hedi gasketi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini, imekufa, nijiandae kufungua injini. Nitajuaje kama ni ya kweli? Na nikienda kumwaga oili nisimamie nini ili kazi ifanyike sawasawa? Fundi wa karibu si mtu mbaya, ila ana haraka.

SpanaKumi

Usifungue injini kwa sababu ya kifuniko peke yake. Utando chini ya kifuniko, stiki ikiwa safi, gari likiwa la safari fupi, mara nyingi ni unyevu tu. Fanya hivi. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua chupa ya maji ya kupozea uone kiwango, weka alama ubavuni kwa kalamu. Futa kifuniko kwa kitambaa kikavu mpaka king'ae. Chomoa stiki uinuse: ikinuka petroli kwa nguvu, petroli imeingia. Kisha mwaga oili, na wiki zinazofuata uliendeshe lile la nusu saa. Rudi uangalie. Utando usiporudi na alama ya maji ikabaki pale pale, jirani alikuwa na nia njema lakini amekosea.

Dalili za hedi gasketi zinakuja kwa kundi. Maji yanapungua na huoni yanapovujia. Moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto. Mapovu yanapanda kwenye maji injini ikiunguruma. Joto linapanda ghafla. Na kubwa kuliko zote, oili ya kwenye stiki yenyewe inageuka rangi, inakuwa ya maziwa. Ukiona hivyo, usiliendeshe tena, livutwe.

Kuhusu kumwaga. Gari lifike kwa fundi likiwa limetembea dakika ishirini hivi, si la baridi. Oili ya moto inatoka na uchafu wake kwa sababu uchafu unaelea. Ya baridi inatoka yenyewe na kuuacha uchafu chini. Gari lisimame pa tambarare, nati ya sampu ifunguliwe, na hapo fundi mwenye haraka anafunga oili ikiwa bado inatiririka uzi mwembamba. Mwombe asubiri mpaka liwe tone, tone. Simama hapo hapo, mtazame. Washa ya nati, ile ringi bapa inayokaa chini yake, iwe mpya. Filta mpya, raba yake ipakwe oili kidogo kwa kidole, ifungwe kwa mkono. Na kabla hajaifunga, aangalie raba ya filta ya zamani imetoka nayo. Ikibaki imeganda kwenye injini na mpya ikafungwa juu yake, oili itamwagika yote barabarani.

Uzito wa oili ni ule ulioandikwa kwenye kitabu, kama ni 5W-30 iwe 5W-30. Kuna mafundi wanaopenda kuweka nzito zaidi kwa sababu "gari ni la zamani". Kwa gari la safari fupi hilo ni kosa, kwa kuwa nzito inachelewa kufika juu wakati wa kuwasha, na wewe unawasha baridi kila mara. Dawa za kuosha injini ukiambiwa uweke, kataa. Injini ya safari fupi ikiwa na tope mahali, dawa ile inaweza kulimenya kwa mkupuo na kulipeleka kwenye wavu wa sampu. Ni heri oili mpya ilisafishe polepole. Mara ya kwanza hii unaweza hata kumwaga mapema, baada ya miezi mitatu, halafu ndiyo uanze hesabu ya kawaida.

Akimaliza, injini iwashwe kidogo, izimwe, msubiri dakika chache, mpime stiki. Isizidi alama ya juu. Na kwenye stika mpya aandike tarehe. Asipoandika, andika wewe.

Naondoka_Kesho

Samahani dada kwa kudandia uzi wako. Mimi nasafiri, gari litakaa mwaka mzima bila mtu wa kuliwasha. Oili nimwage kabla ya kuondoka au nikirudi? Rafiki yangu anasema nikirudi, ili nisipoteze oili mpya kwa kukaa bure.

Mwalimu_wa_Maabara

Mwaga kabla ya kuondoka. Oili iliyotumika tayari ina maji na asidi, ukiiacha mwaka mzima itakuwa inagusa beringi muda wote huo. Oili mpya haina hivyo, na dawa zake za kuzuia kutu zikiwa kamili ndizo zinazolinda chuma. Ukishamwaga, liendeshe mpaka lipate moto sawasawa ili oili mpya ienee kila mahali, ndipo ulizime moja kwa moja. Ukirudi baada ya mwaka na hakuna aliyeliwasha, oili hiyo bado unaweza kuanza nayo. Pima kiwango tu.

SpanaKumi

Naunga mkono. Usiagize mtu aje aliwashe, ni yale yale ya Jumamosi. Ondoa waya hasi wa betri, au bora betri itolewe iwe inachajiwa, maana betri ya kawaida ikiachwa imeisha chaji inaharibika humo humo. Jaza upepo wa tairi kuzidi kawaida kidogo. Hendibreki usivute, weka gia na vigingi kwenye magurudumu, vinginevyo pedi zinaweza kushikana na diski. Petroli nayo inachoka ndani ya miezi kadhaa tu, kwa hiyo usitegemee ya mwaka jana ikuwashie vizuri. Ukirudi ongeza mpya.

Siku ya kuliwasha, usiingie ukawasha tu. Magari mengi ya injekta ukikanyaga pedali ya petroli mpaka chini kabisa halafu ukapiga stata, kompyuta inakata petroli, injini inazunguka bila kuwaka. Piga hivyo sekunde tano, pumzika, rudia. Oili inapanda kwanza. Kisha achia pedali, washa kama kawaida, na usivute mzunguko juu mpaka dakika kadhaa zipite. Si kila gari linakubali njia hii, angalia kitabu chako kwanza.

Saluni_ya_Baba

Nimerudi. Oili imemwagwa, nimesimama mpaka likawa tone, tone. Fundi hakununa, tena alinionyesha raba ya filta ya zamani mwenyewe. Iliyotoka ilikuwa inanuka petroli kweli, na nyepesi kuliko nilivyotegemea. Kitabu nimekipata chini ya kiti, na ile ratiba ya pili ipo kama ulivyosema, miezi 6. Kifuniko nimekifuta na tumetoka nalo mara kadhaa kwenye barabara kuu. Leo nimekifungua: kikavu. Alama ya kalamu kwenye maji haijasogea.

Swali la mwisho, halafu niwaache mpumzike. Stoo ya baba nimekuta kopo la oili halijafunguliwa, lina vumbi, ubavuni limeandikwa API SF. Wa hapa nyumbani wanasema nilihifadhi kwa sevisi ijayo. Na ile oili chafu nimeibeba kwenye dumu, niipeleke wapi?

SpanaKumi

Nimefurahi sana dada.

Kopo hilo usilitie kwenye gari, hata kama halijafunguliwa. SF ni daraja la zamani, waliolipanga wenyewe, yaani API, taasisi ya petroli ya Marekani, wanasema halifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo oili inavyokuwa ya karibuni: SN ilitoka 2010, SP ikatoka 2020. Kwa petroli, ya mbele inaweza kuchukua nafasi ya ya nyuma, ya nyuma haichukui nafasi ya ya mbele. Hilo la baba litumie kwenye bawaba za geti, mnyororo wa baiskeli na majembe yasishike kutu.

Dumu la oili chafu lirudishe kwenye gereji au kituo kinachokusanya, wengi wanaipokea. Lifunge vizuri, usichanganye na maji ya radieta wala petroli, kwa sababu ikichanganywa wanaikataa. Usiimwage chini, na usiruhusu mtu aipake mbao kwa mkono mtupu. Oili iliyokwishatumika ina vitu vinavyoweza kusababisha saratani ya ngozi, kwa hiyo hata wewe uliyelibeba, nawa kwa sabuni.